Uzamili, Umahiri na Uzamivu

Mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya kwanza akianza kutafuta nafasi ya kuendelea na masomo, hukutana na maneno matatu kabla hajakutana na ada: uzamili, umahiri na uzamivu. Tangazo moja linaiita shahada ya pili uzamili, jingine linaiita umahiri. Tangazo likitoka Nairobi, huenda shahada ya tatu ikaandikwa uzamifu, kwa f. Walimu wenyewe wanaukwepa mzozo huo kwa kusema "nasoma masta" au "fulani anafanya PhD". Wanaeleweka, ila masta na PhD hazimdokezei mtu kazi inayomngoja huko aendako. Istilahi za Kiswahili zinamdokezea, mradi azisome kwa makini.

Tuanze na dhana yenyewe. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, shahada za juu zilikuwa vibali vya kufundisha. Paris walimwita mhitimu magister, Bologna wakapendelea doctor. Yote mawili ni maneno ya Kilatini na yote yanamhusu mwalimu, kwani doctor limetoka katika kitenzi docere, yaani kufundisha. Tofauti ya ngazi tunayoijua leo ilikomaa baadaye sana. Katika karne ya 19, vyuo vya Ujerumani, kikiwemo cha Berlin kilichoanzishwa mwaka 1810, viliifanya shahada ya udaktari kuwa ya utafiti mpya ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Chuo cha Yale kilitoa PhD za kwanza za Marekani mwaka 1861, na Oxford wakaikubali shahada ya namna hiyo mwaka 1917. Tangu hapo mgawanyo ni huu: shahada ya pili huthibitisha kwamba umeimudu fani, na ya tatu kwamba umeiongezea fani jambo ambalo halikuwemo.

Umahiri unabeba nusu ya kwanza ya maana hiyo bila taabu. Mahiri ni hodari wa kazi, mtu aliyeishika fani yake barabara. Fundi seremala anaweza kuwa mahiri bila kubuni aina mpya ya kiti. Inatosha kwamba anazijua mbao, anazijua zana, na akipewa kazi haharibu. Ndivyo anavyopimwa mwanafunzi wa shahada ya pili.

Uzamivu unabeba nusu ya pili. Mzizi wake ni zama, na zamia ni kwenda chini kutafuta kitu. Mtaani kitenzi hiki kina sifa mbaya: mzamiaji ni kijana aliyejificha melini ili afike Ulaya bila nauli, au mgeni aliyeingia harusini bila kadi. Istilahi imelikwepa jina hilo kwa kutumia kiambishi kingine. Kiambishi -ji humtaja mtenda tendo. -Vu hutaja sifa iliyokaa ndani ya mtu, kama ilivyo kwa mtulivu, msikivu na mvumilivu. Kwa hiyo mzamivu ni mtu ambaye kina kimekuwa tabia yake ya kufikiri.

Je, ni uzamivu au uzamifu? Tanzania inaandika kwa v, Kenya mara nyingi kwa f, na kila upande hudhani mwenzake amekosea. Sarufi inawaunga mkono wote wawili. Tulia hutoa tulivu na vumilia hutoa vumilivu. Lakini angalia, kitenzi chenye mwisho uleule, hutoa angalifu. Viambishi hivi ni ndugu, na hakuna kanuni ya sauti inayoweza kutumiwa kulifukuza umbo moja. Hili ni suala la mazoea ya nchi, na mwandishi afuate mazoea ya wasomaji wake.

Lenye matatizo kweli ni uzamili. Kwa kuwa linafanana kwa sauti na zama, wengi hudhani linatokana nalo na kwamba uzamili ni uzamivu uliopunguzwa makali. Umbo lake halielekei huko, kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi kinachoweza kulizaa kwa njia hiyo. Kiarabu kina zamil, mwenzi wa kazi au wa masomo, na kina zamala, uhusiano wa wenzi wa namna hiyo. Maana ya kuingizwa katika kundi la wanataaluma iko karibu zaidi na matumizi ya istilahi hii kuliko maana ya kwenda chini ya maji.

Aidha, nchini Tanzania uzamili limebebeshwa mizigo miwili. Mara ni shahada ya pili, mara ni ngazi nzima ya masomo baada ya shahada ya kwanza. Stashahada ya uzamili katika elimu, wanayoisomea wahitimu wa fani nyingine wanaotaka kuwa walimu, si shahada ya pili hata kidogo. Mwombaji asiyejua hilo anaweza kulipa ada akidhani anasomea masta, kumbe anasomea sifa ya kuingilia darasani.

Umahiri nalo lina mgongano wake. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, unapanga masomo kwa umahiri mkuu na umahiri mahususi, yaani uwezo ambao mwanafunzi wa shule anatarajiwa kuuonesha. Kenya dhana hiyo inaitwa umilisi, hivyo hawana utata huu. Kwetu, sentensi kama "walimu wenye umahiri wapewe kipaumbele" inaweza kumaanisha walimu hodari, au walimu wenye shahada ya pili. Wapo hodari wengi wasio na shahada hiyo.

Tofauti ya majina haya ina uzito pale mwalimu anapojiandaa. Tuseme anataka kuchunguza kwa nini watoto wa darasa la pili wanatamka silabi vizuri lakini hawaelewi walichosoma. Kwa shahada ya umahiri, atachagua nadharia iliyopo, ataitumia kukusanya na kuchambua data katika shule chache, kisha ataandika tasnifu inayoonesha kwamba anajua kupitia maandiko ya wengine, kuchagua mbinu na kutetea hitimisho lake. Akigundua jambo jipya, heri. Asipogundua, bado anaweza kufaulu. Kwa shahada ya uzamivu, hayo yote huchukuliwa kuwa anayajua tayari. Mtahini atamuuliza: baada ya kazi yako, tunajua nini tusichokuwa tukikijua? Pengine nadharia zilizojengwa juu ya tahajia ya Kiingereza hazielezi vizuri usomaji wa Kiswahili, ambacho herufi zake zinafuata sauti kwa uaminifu. Hapo atalazimika kuirekebisha nadharia yenyewe, na kueleza kwa ushahidi kwa nini.

Wanaokwama katika shahada ya tatu mara nyingi wana bidii tele, ila wameleta pendekezo la umahiri lililorefushwa: shule kumi badala ya mbili, hojaji ndefu zaidi, swali lilelile. Idadi ya kurasa haiwezi kuziba pengo la utafiti ambalo halikutafutwa. Kabla ya kumwandikia msimamizi, mwalimu ajaribu kuandika katika aya moja ni nini ambacho waliomtangulia hawakukieleza. Aya hiyo ikishindikana, muda wa uzamivu bado, asome kwanza.

Pendekezo langu ni jepesi. Uzamili libaki jina la ngazi nzima: masomo ya uzamili, stashahada ya uzamili. Shahada ya pili iitwe shahada ya umahiri, na neno shahada lisiachwe nyuma, ili isichanganywe na umahiri wa mtaala. Ya tatu iwe shahada ya uzamivu, au uzamifu kwa waliozoea hivyo. Palipozoeleka shahada ya uzamili, kama Kenya, lisivurugwe, ila kila tangazo lieleze wazi kama ni shahada au stashahada. Nawe mwalimu unayejaza fomu mwaka huu, soma jina la kozi neno kwa neno kabla ya kulipa.