Paa na Jua: Historia ya Nyumba Chini ya Milima ya Uluguru

Historia ya nchi yetu imeandikwa sana kwa habari za vita, mikataba na safari za watu mashuhuri. Habari za nyumba zimeandikwa kidogo. Walakini vita huja na kupita, bali mtu hukaa chini ya paa maisha yake yote. Makala hii yatazama nyumba za Morogoro na Milima ya Uluguru kwa swali moja tu: zimemkingaje mwenyeji na joto na unyevu, na kwa gharama gani? Nakusudia kuonyesha kwamba kwa muda wa miaka mia na zaidi tumejifunza kuipima nyumba kwa vitu vilivyoijenga, tukasahau kuipima kwa kazi inayoifanya.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Morogoro umekaa kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, nao umeegemea milima ambayo vilele vyake virefu hupita mita 2,600. Upande wa mashariki wa milima hiyo, unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata mahali pengine mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi hupata pungufu sana. Basi katika mwendo wa siku moja kwa miguu mtu aweza kutoka penye joto kali akafika penye baridi na ukungu. Tena Morogoro iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi, na mara nyingine karibu na tarehe 10 ya Oktoba. Na muda wote ulio baina ya Oktoba na Machi, ambao ndio wakati wa joto, haliendi mbali na utosi. Maana yake ni kwamba mlango mkubwa wa joto katika nyumba zetu ni paa. Kuta za mashariki na magharibi huchomwa asubuhi na alasiri. Kuta za kaskazini na kusini zaweza kukingwa kwa upenu tu.

Nyumba ya kale ya Waluguru ilikuwa ya msonge: nguzo zilizochimbiwa, fito zilizofungwa kwa kamba za miti, udongo uliokandikwa, na paa la nyasi lenye mteremko mkali lililoshuka chini kupita kiambaza. Kila sehemu yake ilikuwa na sababu. Mteremko uliyaondoa maji upesi kabla hayajapenya. Upenu mrefu uliukinga udongo wa ukuta na mvua, ukautilia kivuli wakati wa jua. Nyasi zenyewe zilikuwa na hewa iliyofungwa ndani ya mabua yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo paa hilo lilizuia joto la mchana lisiingie, na huko juu milimani lilizuia joto la moto lisitoke usiku. Moto nao ulikuwa na kazi zaidi ya kupika. Moshi uliikausha nyumba, ukaipaka masizi ile nyasi na fito, ukafukuza wadudu, na kuhifadhi mahindi yaliyowekwa darini. Aliyetoa moto nje ya nyumba ya nyasi bila kubadili jambo lingine aliliharakisha paa lake kuoza.

Wala asidhani msomaji kwamba namna hii ya kujenga ilifaa kila mahali. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea bara palikuwa na mafunzo matatu. Pwani watu wenye mali walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na vyumba vyembamba ambavyo upana wake uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko. Ugogoni, penye mvua haba, nyumba ya tembe ilibeba udongo juu ya paa lililolala, na udongo huo ukalimeza joto la mchana. Lau tembe lingejengwa Matombo, masika moja ingelibomoa. Kati ya Pwani na Ugogo ndipo penye Morogoro, ambapo nyumba ilipaswa kuyatenda yote mawili, kumwaga maji na kuzuia jua.

Mahali pa kujenga nako palikuwa na hukumu yake. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga hapo mji wenye ukuta, uliojulikana kwa jina la Simbamwene, ambalo lilikuwa pia jina la binti yake aliyemrithi. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta una ukuta wa mawe na minara, naye akazisifu nyumba zake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mto umefurika na kuchukua sehemu ya mji ule. Ukuta uliojengwa ili kuzuia adui haukuweza kuzuia maji. Ukavu wa nyumba huanza kabla ya msingi kuchimbwa, pale mtu anapochagua kiwanja.

Utawala wa Wajerumani ulileta mambo mawili yaliyobadili nyumba. La kwanza ni kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897. Kodi iliyohesabu nyumba, wala haikuhesabu watu, ilimpa mtu sababu ya kukusanya wengi chini ya paa moja. La pili ni reli, iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Reli ilifanya mabati na saruji kuwa mizigo ya kawaida. Wajerumani wenyewe walijikinga na joto kwa kuta nene, vyumba virefu kwenda juu, na baraza pana zilizozunguka nyumba. Na walioweza walipanda mlimani. Jengo lao la Morningside, lililo kwenye njia ya kupandia Bondwa, ni ushahidi wa hayo. Kwa kuwa hewa hupoa kiasi cha nusu digrii au zaidi kwa kila mita 100, mita mia kadhaa za kupanda ziliwapa bure ubaridi ambao leo watu huununua kwa umeme.

Mjini ilishamiri nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ukifunguliwa pamoja, upepo hupita katika ukumbi kama maji katika mfereji. Nyumba hiyo ilipoezekwa kwa bati ilibaki na ukumbi wake, lakini ilipata adui mpya juu yake.

Hapa hapana budi tulitendee bati haki. Halishiki moto upesi kama nyasi, halivuji likipigiliwa vema, halitaki kuezekwa upya baada ya miaka michache, na maji yake ya mvua yafaa kukingwa. Isitoshe, kadiri watu walivyoongezeka na mashamba kukosa kupumzishwa, ndivyo nyasi ndefu za kuezekea zilivyoadimika. Hakuna aliye na haki ya kumcheka mkulima kwa kuliacha paa la nyasi. Walakini bati ni jembamba mno. Adhuhuri hushika moto na kuumwaga chini juu ya vichwa vya watu. Usiku wa kipupwe milimani hupoa haraka, na pumzi za waliolala hugeuka matone chini yake.

Lakini hasara kubwa haikutoka katika bati lenyewe. Kwa kuwa bati humwaga maji hata likilala, watu waliliinamisha kidogo, nafasi ya hewa ya moto juu ya vichwa ikapotea. Kwa kuwa kila bati lina bei yake, upenu ulifupishwa. Kwa kuwa paa halikuvuja, dari lilionekana anasa. Hivyo mambo matatu yaliyoipoza nyumba ya kale, yaani mteremko, upenu na dari, yaliondoka pamoja na nyasi, ijapokuwa hayakuwa nyasi.

Wakati wa vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, na katika kampeni za nyumba bora, ubora ulielezwa mara nyingi kwa bati, saruji na tofali. Sensa za mwaka 2012 na 2022 nazo ziliuliza paa na kuta zimejengwa kwa kitu gani. Swali hilo ni la maana, lakini halimwambii mtu kama mtoto hupata usingizi Januari ndani ya nyumba hiyo. Na aliye na uwezo hununua feni, kisha kiyoyozi, akalipa kila mwezi ili kutoa joto ambalo paa lake huliingiza kila siku. Asiye na uwezo hulala nje barazani, akaumwa na mbu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika ankara. Tofali la kuchoma hula kuni, na penye milima kuni huelekea kutoka milimani. Misitu ya Uluguru ndiyo inayoulea Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umefundisha matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa bila kuchomwa. Huo ni udongo uleule wa kiambaza, uliopewa nguvu mpya.

Basi hatuna haja ya kurudi katika msonge. Yatutosha kulirudishia bati yale liliyonyang'anywa: mteremko wa kutosha, upenu mpana, dari hata la mianzi au mkeka, matundu karibu na paa yenye wavu wa kuzuia mbu, nyumba iliyoelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, na mwembe upande wa magharibi. Mengi ya hayo yana gharama ndogo kuliko kiyoyozi, na hayatozwi kila mwezi. Mafundi wa kale wa Uluguru hawakuwa na kipimajoto, lakini hawakujenga paa bila kwanza kuliuliza jua linapita wapi. Nyumba bora ya kesho itajulikana kwa kulijibu swali hilo.