Mwanafunzi au Mtumishi?

Katika mwaka wa 1860 shule ya wauguzi ya Florence Nightingale ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, na kazi iliyodharauliwa ikaanza kupata heshima. Mwaka wa 1873 mfano huo ulivuka bahari hata Marekani, katika hospitali ya Bellevue, New York, kisha ukaenea. Lakini hospitali nyingi ziliona humo faida nyingine: mwanafunzi alifanya kazi ya mwajiriwa kwa posho ndogo. Mchana kutwa aliosha wagonjwa na kutandika vitanda. Masomo yalingojea jioni, mwili umekwisha choka. Mshika mawili moja humponyoka, na lililomponyoka lilikuwa elimu.

Mwaka wa 1923 ripoti ya Josephine Goldmark iliufichua upungufu huo: shule isiyo na fedha zake yenyewe haina budi kutii haja za hospitali. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi yenye fungu lake, Annie Goodrich akiwa mkuu wake, ili kazi ya wodini iwe sehemu ya masomo, si badala yake.

Hata leo, wauguzi wanapopungua, mara nyingi mwanafunzi huitwa kuziba pengo. Afanyaye hivyo hula mbegu ya mavuno yajayo.