Samaki Mwenye Jina la Kuhl

Mwishoni mwa mwaka 1820 vijana wawili, wataalamu wa elimu ya viumbe, walifika Java: Heinrich Kuhl, Mjerumani, na Johan Coenraad van Hasselt, Mholanzi. Kuhl alifariki huko Septemba 1821, akiwa na umri wa miaka 23. Mwenziwe alifuata mwaka 1823. Sehemu kubwa ya kazi yao ilibaki bila kupigwa chapa. Mwaka 1846 Achille Valenciennes, mtaalamu wa Paris, alieleza umbo la samaki mmoja mdogo wa Java, akamwita kwa jina la Kuhl.

Samaki huyo ni mwembamba mfano wa mkunga, ana milia na sharubu fupi, na siku hizi hufugwa majumbani katika matangi ya kioo. Mchana hujificha, usiku hutafuta chakula chini. Kokoto kali humjeruhi sharubu, na upweke humzidishia woga. Mfugaji hodari humtandikia mchanga laini, humwekea mizizi na majani, tena humpa wenziwe kadhaa, ndipo hujitokeza.

Basi vitabu vilitoa jina na umbo, lakini tabia ya samaki huyu hujulikana kwa subira. Mvumilivu hula mbivu.