Clarendon: herufi nene iliyozaliwa London

Mtu afunguapo kamusi kutafuta neno, jicho lake hukimbilia kwanza vidahizo, yale maneno yaliyokolezwa wino mwanzoni mwa kila maelezo. Desturi hiyo imezoeleka mno hata ni wachache wanaojiuliza ilianzia wapi.

Sehemu kubwa ya jibu iko London, katika barabara ndogo iitwayo Fann Street, ambako herufi aina ya Clarendon ilianza kuuzwa mwaka 1845.

Kelele za mabango

Hadi mwishoni mwa karne ya 18, wachapaji wa Uingereza walitumia zaidi herufi zilizokusudiwa vitabu, nyepesi na zenye staha. Mapinduzi ya viwanda yalileta bidhaa nyingi na ushindani mkali. Wenye maduka, wenye majumba ya michezo ya kuigiza, na hasa mawakala wa bahati nasibu ya serikali, iliyokomeshwa mwaka 1826, walitaka mabango yao yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Robert Thorne, aliyekuwa na kiwanda cha kusubu herufi hapo Fann Street, ni miongoni mwa walioitikia mapema. Aliinenepesha mistari minene ya herufi kupita kiasi, na ile myembamba akaiacha kama unywele.

Vincent Figgins naye, katika muongo wa 1810, alitoa herufi ambazo nyayo zake, yaani vile vipande vidogo vinavyokaa mwishoni mwa mistari ya herufi, zilikuwa nene kama matofali. Herufi za namna hii zilikuja kuitwa za Kimisri, kwa kuwa London ilikuwa imeshikwa na shauku ya mambo ya kale ya Misri baada ya vita vya Napoleon nchini humo. Wamisri wenyewe hawakuhusika kwa lolote.

Nene, lakini yenye adabu

Herufi hizo zilifaa mabango. Ndani ya ukurasa wa kitabu zilikuwa balaa: zilikuwa pana mno, na mara nyingi hazikukaa sawasawa kwenye mstari mmoja na maneno ya kawaida. Mchapaji aliyetaka kusisitiza neno moja alilazimika kutumia herufi za mlazo au herufi kubwa.

Robert Besley, mzaliwa wa mji wa Exeter, ambaye mwaka 1838 alikuwa amefanywa mbia katika kiwanda cha Fann Street, aliona pengo hilo. Kazi ya kuchonga ilifanywa na Benjamin Fox. Kila herufi, kwa kila ukubwa, ilichongwa kwa mkono kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Chuma hicho kikapigwa juu ya shaba kupata kalibu, na ndani ya kalibu ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa.

Fox aliibana herufi isichukue nafasi kubwa, akapunguza tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba, na akaziunga nyayo kwa mpindo laini. Herufi ndogo ya "a" ilipewa tone la duara kichwani, na mguu wa "R" ukakunjwa kwa madaha. Clarendon iliweza kusimama kando ya herufi za kawaida bila kuzifukuza.

Miaka mitatu

Besley aliisajili chini ya sheria ya Uingereza ya kulinda miundo ya mapambo. Kinga hiyo ilidumu miaka mitatu tu. Ilipokwisha, viwanda vingine vilitoa Clarendon zao, na malalamiko yake ya hadharani hayakubadili kitu. Umaskini hata hivyo haukumpata: mwaka 1869 alishika wadhifa wa Meya wa Jiji la London.

Kilio chake kingeeleweka vyema katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako muundo wa kanga unaopendwa huigwa upesi. Mfanyabiashara maarufu wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alizipambanua kanga zake kwa maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Jina kwenye nguo huonekana. Mchonga herufi hana pahala pa kutia lake.

Marekani, wachapaji walichonga herufi za ukoo huu kwenye mbao, wakizinenepesha nyayo kuliko miguu yenyewe. Waliotazama filamu za kauboi katika majumba ya sinema ya Nairobi au Dar es Salaam wanazikumbuka kwenye matangazo ya majambazi wanaosakwa. Mwaka 1953 Hermann Eidenbenz aliichora upya kwa ajili ya kiwanda cha Haas cha Uswisi, na tangu hapo imepita kwenye kompyuta kwa matoleo mengi.

Suala la umiliki nalo limebaki na utata. Nchini Uingereza, muundo uliosajiliwa sasa waweza kulindwa hadi miaka 25. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hulinda programu ya kompyuta inayobeba herufi, lakini hailindi umbo lenyewe.

Fann Street ingali ipo, karibu na majengo ya Barbican. Vitabu vya zamani vya sampuli za herufi vya wasubu wa London vilikusanywa katika maktaba ya St Bride, iliyofunguliwa mwaka 1895 kando ya Fleet Street.