Minyoo wajenzi wa Unguja na Wasini

Mto Umba huanzia msitu wa Shagayu, huku huku Usambara Magharibi, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Kwa hiyo mtu wa Bumbuli asiseme bahari haimhusu: udongo wa milima hii huishia huko, na wapo minyoo wa baharini ambao nyumba zao ni mirija ya tope na mchanga.

Kaskazini kidogo ya Vanga kipo kisiwa cha Wasini. Mwaka 1901 na 1902, wakati Wajerumani wakianzisha taasisi yao ya utafiti kule Amani, kijana Mwingereza, Cyril Crossland, alikuwa akikusanya viumbe wa baharini Wasini na Unguja. Kamishna wa Waingereza wa siku hizo, Sir Charles Eliot, naye alikuwa bingwa wa konokono bahari wasio na gamba. Crossland alipochapisha matokeo yake London mwaka 1903, mnyoo mmoja alimpa jina la kamishna huyo: Phyllochaetopterus elioti.

Jamii ya mnyoo huyu huishi ndani ya mrija mgumu wa rangi ya manjano, mfano wa ngozi iliyokauka, ambao mnyoo huutengeneza kwa ute wa mwili wake. Haitoki kuwinda. Huvuta maji yapite ndani ya mrija, hutandaza wavu wa ute kunasa chembe za chakula, kisha huukunja wavu ule na kuumeza pamoja na kilichonaswa. Ni ufundi unaostahili heshima.

Tatizo ni kwamba, katika kuwapanga minyoo kwa makundi, wataalamu walizoea kutazama nyumba kuliko mwenye nyumba. Mwaka 1758 Linnaeus alimweka Serpula, mnyoo wa mrija wa chokaa, pamoja na viumbe wenye magamba kama chaza. Karne ya 19 wakawagawa minyoo wa baharini katika makundi mawili: minyoo watembezi, Errantia, na minyoo wakaazi, Sedentaria. Hata J. H. Day, mwaka 1967, aliandika kitabu chake kikubwa cha minyoo wa kusini mwa Afrika katika juzuu mbili kwa mgawanyo huo huo.

Lakini mwaka 1904 Crossland alikwisha kumweleza Eunice tubifex, mnyoo mwenye taya na miguu ya watembezi, naye anajenga mrija! Majirani wawili wa Bumbuli hawawi ndugu kwa kuezeka bati la aina moja. Mwaka 1977 Kristian Fauchald aliuacha mgawanyo ule wa zamani. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ukayarudisha makundi yale mawili, safari hii kwa ushahidi wa damu, si wa makazi. Eunice akabaki na watembezi. Jamii ya elioti haikuingia kundi lolote kati ya hayo: ilichipuka karibu na shina, kabla matawi hayo hayajaachana.

Lakini sampuli za Crossland zina umri wa zaidi ya karne, na ni shida kupata vinasaba kutoka kwa sampuli za namna hiyo. Wanahitajika minyoo wapya, kutoka maji yale yale. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar. Vijana wa Lushoto mnaosoma baiolojia, kazi hii ni yenu pia, nendeni mkaifanye.