Kitabu Kilicholipiwa Kabla ya Kuchapwa: Manly P. Hall na Wasomaji Wake, 1928

Katika idara yetu upo mswada wa insha kuhusu ramli, ndoto, miiko na dawa za waganga, uliokusanywa na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mchapishaji tuliyempelekea aliurudisha na maelezo mafupi: mada inatisha, wanunuzi ni wachache. Tangu siku hiyo baadhi yetu tunasema tuchangishane, tuuchapishe wenyewe. Kabla hatujafungua pochi, naomba tutazame kisa kimoja kinachokaribiana mno na chetu, ingawa kilitokea mbali, huko California.

Mhusika ni Manly Palmer Hall, aliyezaliwa Peterborough, Kanada, mwaka 1901. Alifika Los Angeles mwaka 1919, kijana asiye na shahada yoyote, na haukupita muda akawa anahutubia watu kuhusu dini za kale, falsafa ya Wayunani na zile zinazoitwa elimu za siri: unajimu, alkemia, Kabala, hesabu za Pythagoras. Mwaka 1923 akaanza kutoa jarida, The All-Seeing Eye. Nausisitiza mfuatano huu kwa kuwa aghalabu husahauliwa. Wasikilizaji ndio waliotangulia, jarida likafuata, kisha ndipo kikaja kitabu. Miongoni mwa wasikilizaji hao walikuwamo Caroline Lloyd na bintiye Estelle, watu wenye mali itokanayo na mafuta, ambao walimfadhili kwa miaka mingi.

Kitabu chenyewe, The Secret Teachings of All Ages, kilitoka mwaka 1928, Hall akiwa na umri wa miaka 27. Ni mkusanyo wa insha, kila moja ikijitegemea: mafumbo ya Misri, karata za taroti, Freemason, mawe, mimea na mengineyo. Kilichapwa San Francisco na kampuni ya H. S. Crocker, usanifu ukiwa wa John Henry Nash na picha za rangi za J. Augustus Knapp. Urefu wake unakaribia nusu mita. Huwezi kukisoma ukiwa ndani ya basi.

Fedha zilipatikanaje? Watu walijiandikisha na kulipia nakala ambazo bado hazikuwapo. Toleo la kwanza, lililotengwa kwa ajili yao, lilikuwa la nakala 550. Sisi tunaujua mtindo huu kwa mchango wa arusi: daftari, jina, kiasi, sahihi. Lakini mchangiaji wa arusi tarehe ameambiwa, na pilau ataila. Anayelipia kitabu kisichokuwapo anamkopesha mwandishi imani yake. Wale wa Hall waliweza kumkopesha kwa sababu walikwisha kumsikia akisema, wiki baada ya wiki. Bahati nayo ilimsaidia: mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na sidhani kama mwaka uliofuata angewapata watu wa kulipia kitabu cha namna hiyo.

Hata hivyo, nina mawili ya kumlaumu. La kwanza ni bei. Nakala moja iliuzwa kwa kiasi cha dola 100, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Mfanyakazi wa kawaida aliyekwenda kumsikiliza hakuweza kukinunua. Toleo dogo la jalada jepesi, ambalo mwanafunzi anaweza kulibeba mkobani, lilipatikana mwaka 2003, Hall akiwa amekwisha kufariki mwaka 1990.

La pili naliona zito zaidi. Mchapishaji anayekukatalia ni kero, lakini huwa ana mhariri. Hall hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapa umekosea, rudi." Imo sura inayotetea dai kwamba kazi za Shakespeare kwa kweli zilitoka kwa Francis Bacon, dai ambalo wataalamu wa fasihi hawalikubali. Imo pia sura kuhusu Uislamu, iliyoandikwa na mtu aliyeijua dini hiyo kupitia vitabu vya wengine. Waliolipa mapema walikuwa wapenzi wake, na mpenzi hasahihishi.

Na tusidhani kwamba kujichapishia ni ugeni kwetu. Marehemu Shaaban Robert alijitolea baadhi ya vitabu vyake Tanga, insha zikiwamo.

Turudi kwenye mswada wetu. Daftari liko ofisini kwangu na majina yameshafika 31. Fedha sijapokea. Nimewapa nakala watu wawili ambao hawamo katika daftari: mwalimu wa somo la dini, na mzee mmoja mganga ambaye wanafunzi walimhoji. Mwalimu hajajibu. Mzee alisomewa sura ya ramli na mjukuu wake, akatuma ujumbe kwamba kurasa nne tumezikosea, na kwamba tuende na kalamu.