Mbaraka Mwinshehe na Gitaa la Morogoro

Msafiri atokaye Dakawa kwa barabara ya Dodoma kuelekea Morogoro huiona milima ya Uluguru ikiinuka mbele yake kabla hajaufikia mji. Chini ya milima hiyo, kati ya miaka ya 1950 na 1970, ulistawi muziki wa dansi uliosikika katika Afrika Mashariki nzima. Katika insha hii tunakusudia kumtazama mmoja wa wale waliouinua muziki huo, marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Huenda msomaji akashangaa, maana jina hilo halijasahauliwa. Ni kweli, jina lipo, na maneno ya nyimbo zake yangali yakiimbwa. Kilichosahauliwa ni kazi ya mikono yake, yaani upigaji wa gitaa, ambao ndio uliompa sifa mwanzoni.

Yafaa kwanza tujiulize kwa nini muziki huo ulistawi Morogoro. Mji huo ulikuwa kituo cha Reli ya Kati, na pande zake zote yalikuwako mashamba ya mkonge. Watu wa makabila mengi walikutana hapo wakitafuta mshahara, na palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi pana pia haja ya kuburudika. Santuri za Kuba zilizoletwa nchini ziliwafunza vijana mapigo ya rumba, nao wakayatia lugha na mambo ya kwao. Morogoro Jazz Band iliundwa mwaka 1944. Baadaye Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba Band, na bendi hizo mbili zikawa mahasimu wa kirafiki. Ushindani huo uliwalazimisha wapigaji kujinoa, na mshindi mkubwa akawa msikilizaji.

Mbaraka alizaliwa Mzenga, wilaya ya Kisarawe, mwezi wa Juni 1944. Hivyo alikuwa na umri sawa na bendi iliyomkuza. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, wakati uleule ambapo Salum Abdallah alifariki, mwaka 1965. Haukupita muda mrefu ila kijana huyo akawa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi, hata wapenzi wake wakamwita mpiga solo wa taifa. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia. Taifa lililokuwa na umri wa miaka tisa ya uhuru lilijitambulisha mbele ya ulimwengu kwa magitaa ya Morogoro.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Katika bendi ya dansi magitaa hugawana kazi. Besi hushika msingi, ridhimu hufuma mapigo yasiyokatika, na solo husema juu ya yote hayo. Wimbo huanza taratibu, maneno yakieleza kisa. Kisha huja sehemu ya chemko, ambapo waimbaji hupunguza maneno na solo hushika usukani. Mbaraka aliimba na kupiga solo. Kwa sababu hiyo gitaa lake halikuwa pambo la wimbo, bali lilikuwa sauti yake ya pili. Aliimba mstari, gitaa likamjibu. Maneno yalipokwisha, gitaa liliendelea na hoja. Anayeusikiliza wimbo wa "Shida" kwa kufuata maneno peke yake amesikia nusu ya wimbo.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaunda bendi yake, Super Volcano. Hatua hiyo ilimpa uhuru, lakini yatupasa tuone pia gharama yake. Wakati huo bendi nyingi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa mali ya mashirika, vyama na majeshi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mfano wa mwanzo. Mashirika yalinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara. Mwenye bendi yake mwenyewe alitegemea kiingilio cha mlangoni na mauzo ya santuri. Na santuri hazikutengenezwa nchini: RTD ilirekodi nyimbo kwenye kanda kwa ajili ya redio, lakini viwanda vya santuri vilikuwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, soko hilo likawa mbali zaidi. Uhaba wa fedha za kigeni nao ulifanya nyuzi za gitaa na vikuza sauti kuwa vitu vya kutafutwa kwa taabu.

Safari ya Mbaraka iliishia huko huko Kenya. Mwezi wa Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa, akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Super Volcano, iliyosimama juu ya mtu mmoja, haikuweza kuendelea kwa nguvu ile. Morogoro Jazz nayo ilikuwa imekwisha kumpoteza tangu 1973. Hivyo kushuka tunakokuzungumzia hakukuwa kwa vidole vyake. Kulikuwa kwa mazingira yaliyovishikilia. Nyimbo zake zilikusanywa nchini Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa "Ukumbusho". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa Tanzania mwaka 1999, ilikuwa imepita miaka 20 tangu kifo chake.

Wakati Mbaraka akiwa Osaka mwaka 1970, Jimi Hendrix, mpiga gitaa la roki wa Marekani, alikuwa katika mwaka wake wa mwisho. Alifariki London mwezi wa Septemba akiwa na umri wa miaka 27. Leo kijana wa nchi yoyote aweza kununua kitabu kinachoandika solo za Hendrix noti kwa noti. Hatusemi kwamba wawili hao walipiga muziki mmoja. Twasema kwamba mpiga gitaa hudumu pale ambapo watu wanachukua taabu ya kuandika alichopiga. Walimu wa muziki na Kiswahili wanaweza kuianza kazi hiyo darasani: wanafunzi wausikilize wimbo mara mbili, mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa gitaa, kisha waandike walichosikia. Wazee waliocheza dansi wangali wapo wa kuulizwa, lakini hawatakuwapo siku zote.

Na turudi Dakawa tulikoanzia. Katika miaka ya 1980 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga makazi yao hapo, wakafundishana na kazi za sanaa. Waliporejea kwao katika miaka ya 1990, walilichukua jina la Dakawa na kukiita kwalo kituo cha sanaa huko Grahamstown. Wageni walithamini walichojifunza chini ya anga ya Morogoro, wakaondoka nacho. Sisi wenyeji hatuhitaji kusafiri. Yatosha tukae, tusikilize, na tuandike.